Unakwenda Juba ukitokea Kigoma? Ielewe kwanza nchi yenyewe

Mtu wa Kigoma haogopi mpaka. Boti za Kibirizi zinapakia kwenda Kongo na Burundi, magari ya Manyovu yanaingia na kutoka, na katika ukoo mmoja utakuta shangazi yuko Bujumbura na mjomba yuko Kalemie. Ndiyo maana kijana akiitwa kazi ya ujenzi Juba, au mfanyabiashara wa Tabora akisikia bei ya mchele kule, swali la kwanza huwa ni nauli. Sudan Kusini si imo Jumuiya ya Afrika Mashariki? Basi tunaingia kama tunavyoingia Burundi.

Imo kweli. Mkataba wa kujiunga ulitiwa saini Dar es Salaam Aprili 2016, na Marais John Magufuli na Salva Kiir. Lakini kujiunga na Jumuiya ni jambo moja, na kuutekeleza uhuru wa watu na bidhaa kuvuka mipaka ni jambo jingine kabisa. Anayefunga safari kwa kudhani atakuta utaratibu kama wa Mutukula, mpaka wetu na Uganda, ataishiwa fedha na subira kabla hajafika mjini.

Ushauri wa safari ya Juba mara nyingi hutolewa kama amri: beba dola, usipige picha, usitembee usiku. Amri hizo ni za kweli. Ila mtu akipewa amri bila sababu huisahau siku ya pili, na likitokea jambo ambalo halikutajwa hajui afanye nini. Mimi naona afadhali msafiri aelewe kwanza nchi ilivyozaliwa, kwa sababu karibu kila tahadhari inatoka hapo.

Sisi mwaka 1961 tulirithi serikali. Ilikuwa ya kikoloni na yenye upungufu mkubwa, lakini bomani palikuwa na mafaili, mahakama zilikuwapo, na reli ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914. Sudan Kusini ilirithi jeshi. Watu wake walipigana na serikali ya Khartoum kuanzia 1955 hadi 1972, kisha tena kuanzia 1983 hadi 2005. John Garang, aliyewahi kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliongoza vita vya pili na akafa katika ajali ya helikopta Julai 2005, miezi michache tu baada ya mkataba wa amani. Januari 2011 wananchi walipiga kura ya maoni, karibu asilimia 99 wakachagua kujitenga, na tarehe 9 Julai 2011 bendera ikapandishwa Juba. Makamanda wa msituni ndio waliokuwa mawaziri, magavana na wakuu wa polisi. Ofisi zilianza kujengwa baada ya hapo.

Hazikupewa muda. Desemba 2013 jeshi lenyewe liligawanyika, upande mmoja wa Rais Kiir na mwingine wa Riek Machar, aliyekuwa makamu wake. Amani ya 2015 ilivunjika Julai 2016 kwa mapigano ndani ya Juba. Mkataba mwingine ulisainiwa Addis Ababa Septemba 2018 na ukaleta serikali ya pamoja, lakini kuyaunganisha majeshi hayo kuwa jeshi moja kumekwenda kwa kusuasua. Machi 2025 Machar aliwekwa kizuizini nyumbani kwake, na tangu hapo mapigano yamezidi katika majimbo kadhaa. Uchaguzi mkuu wa kwanza umeahirishwa mara kwa mara, na tarehe iliyopangwa sasa ni Desemba 2026.

Ongeza na suala la mafuta. Karibu mapato yote ya serikali yanatokana na mafuta ghafi, na mafuta hayo hupita kwenye mabomba yanayovuka Sudan hadi Bahari ya Shamu. Sudan iliingia vitani Aprili 2023, na Februari 2024 bomba moja kuu likapasuka. Wafanyakazi wa serikali, askari wakiwamo, wamekaa miezi mingi bila mshahara. Kwa hiyo askari anayesimamisha basi lako barabarani ana bunduki, ana mamlaka, na huenda hajui lini atalipwa. Sheria ipo kwenye karatasi huko Juba, lakini pale barabarani sheria ni yeye. Simtetei anayekudai fedha kinyume cha haki. Nakueleza unakutana na nani, ili usije ukambishia kama unavyombishia trafiki wa Kasulu.

Kwa hiyo uende au usiende? Kama ni matembezi tu, ushauri wangu ni kusubiri. Ni nchi yenye mambo makubwa ya kuona. Mbuga za Boma na Bandingilo zina msafara wa swala na nyemera ambao sensa ya kutoka angani, iliyotangazwa 2024, iliukadiria kuwa na wanyama karibu milioni 6, na hiyo inautaja kuwa msafara mkubwa kuliko wa nyumbu wetu wa Serengeti. Kambi za ng'ombe za Wamundari upande wa Terekeka ni jambo ambalo mfugaji wa Kisukuma angelisimulia mpaka uzeeni. Lakini huko hufikiki bila vibali, gari la uhakika na watu wanaoijua hali ya wiki hiyo, na gharama yake si ya mfuko wa kawaida. Kama unaitwa na kazi, biashara, kanisa au ndugu, hapo habari ni nyingine. Nenda, ila uwe na mwenyeji.

Mwenyeji simaanishi mtu wa kukupa kitanda. Namaanisha mtu aliye Juba sasa hivi, anayefahamika, atakayepokea simu ukisimamishwa na kusema, huyu ni mgeni wangu. Katika nchi ambayo ofisi ni changa, udhamini wa mtu una nguvu kuliko mhuri. Pata majina yake kamili, namba zake mbili za simu na mtaa anaoishi, uviandike kwenye karatasi, maana simu huzimika. Na yeye apewe nakala ya pasipoti yako kabla hujaondoka Kigoma. Wito wa kazi usio na mtu wa namna hiyo upande wa pili ni wa kuogopwa. Wapo vijana wanaopelekwa kwa ahadi za vishoka, wakifika hawajui hata wamtafute nani.

Kuhusu karatasi, pasipoti ndiyo ya kwanza, na iwe na uhai wa miezi sita au zaidi. Usitegemee kitambulisho cha taifa, na hati ya dharura tunayoizoea kuvukia Burundi au Kongo usiifanye tegemeo la safari ndefu inayopita nchi mbili. Kwa Uganda, Mtanzania hahitaji viza. Kwa Sudan Kusini, pata jibu la maandishi kutoka ubalozi wao au mfumo wao wa viza wa mtandaoni, na ulipate wiki unayosafiri, kwa kuwa masharti na ada hubadilishwa kwa tangazo moja. Lichapishe hilo jibu. Ukishaingia, mwenyeji wako akupeleke uhamiaji kujiandikisha kama mgeni ndani ya siku tatu za mwanzo, na risiti ya kila malipo uitunze hadi siku ya kutoka. Anayekwenda kufanya kazi ahakikishe kibali cha kazi kinashughulikiwa na mwajiri kabla ya safari. Hasira juu ya wageni wanaochukua kazi za wenyeji ipo: mwaka 2013 wageni walipigwa marufuku kuendesha bodaboda Juba, na Waganda wengi wakapoteza mkate wao kwa siku moja.

Mfanyabiashara wa nafaka aongeze cheti cha kupimwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kwenye nafaka, kutoka maabara inayotambulika. Mwaka 2023 malori ya mahindi na unga yaliyotoka Uganda yalizuiwa mpakani kwa hoja ya sumukuvu, na madereva wakakaa pale muda mrefu na mzigo wao.

Sasa njia. Kutoka Kigoma unapanda Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Biharamulo, Bukoba, hadi Mutukula. Wa Tabora anapita Nzega na Kahama kisha anakutana na njia hiyo hiyo. Kutoka Mutukula ni Masaka na Kampala, halafu kaskazini kupitia Karuma na Gulu mpaka Elegu. Ng'ambo ya pili ni Nimule, na kutoka Nimule hadi Juba ni kilomita 192 za lami, barabara iliyokamilika 2012 kwa fedha za Marekani, ya kwanza ya lami kuunganisha Juba na mpaka. Kipande hicho kifupi ndicho kigumu kuliko safari yote. Mabasi na malori yamewahi kushambuliwa humo, na vizuizi ni vingi: kamba imevutwa katikati ya barabara, upande mmoja benchi chini ya mti, na kijana anayeingia ndani ya basi kuangalia nani hana sura ya pale. Usisafiri humo usiku wala usishuke kwenye basi la kampuni ukapanda gari dogo kwa sababu linawahi. Ukiwa Kampala, kabla ya kukata tiketi, ulizia hali ya njia ya wiki hiyo kwa makondakta wa mabasi ya Juba, nao watakuambia ukweli kuliko mtu yeyote. Na kwa kuwa Ubalozi wetu upo Kampala, acheni majina yenu hapo.

Mwenye uwezo wa ndege aruke. Juba inafikika kwa ndege kutoka Nairobi, Entebbe na Addis Ababa. Najua tofauti ya nauli ni kubwa. Lakini ukijumlisha siku za barabarani, malazi, na kile kinachodondoka kwenye kila kamba, tofauti hiyo hupungua sana, na kipande cha Nimule unakikwepa.

Kuna jambo la majira ambalo watu wa kwetu hawalitegemei. Juba iko karibu nyuzi 5 kaskazini mwa Ikweta. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini. Umbali ni ule ule, pande mbili tofauti, kwa hiyo mvua zimegeuzana. Sisi tumezoea kusafiri kiangazi, Juni hadi Septemba, mazao yakishavunwa na barabara zikishakauka. Kule ndiyo masika yenyewe. Mvua za Juba huanza Aprili na kuendelea mpaka Oktoba au Novemba, na nje ya lami kunakuwa matope meusi yanayomeza lori. Upande wa kaskazini, mafuriko yalipanda hadi mji wa Bentiu ukazingirwa na maji tangu 2021, ukabaki nyuma ya kuta za udongo. Wakati mzuri wa kwenda ni Desemba hadi Februari, huku kwetu tukiwa shambani. Machi barabara bado ni kavu lakini joto ni adui: Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa utabiri wa nyuzi 45. Hilo si joto la kwetu, hata kwa mtu wa Ujiji.

Saa nayo. Tangu tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini iko nyuma yetu kwa saa moja, sawa na Burundi. Uganda iko sawa na sisi, kwa hiyo ukivuka kutoka Elegu kuingia Nimule unarudisha saa nyuma. Hilo wa Kigoma atalizoea haraka, anaijua Bujumbura. La kuangalia zaidi ni hesabu yenyewe ya saa. Juba wanahesabu kuanzia usiku wa manane. Ukiambiwa na Mkenya au mwenyeji anayejua Kiswahili kwamba gari linaondoka saa sita, muulize, sita ya asubuhi au sita ya jua la utosini? Watu wameachwa na gari kwa hilo.

Fedha inahitaji maelezo marefu kidogo. Paundi ya Sudan Kusini ilianza kutumika Julai 2011, na kwa miaka minne ya mwanzo dola moja iliwekwa chini ya paundi 3. Desemba 2015 serikali iliiachia sarafu ijitafutie bei yenyewe, na leo dola moja ni maelfu ya paundi. Kwa hiyo Juba kuna bei mbili kichwani mwa kila muuzaji: ya paundi kwa chai, boda na mboga, na ya dola kwa chumba, tiketi na mzigo. Shilingi yetu haina soko huko. Badilisha kuwa dola kabla hujaondoka Tanzania, na uchague noti kama unayechagua maharage ya mbegu, moja moja. Mpokeaji ataikunja, ataipeleka kwenye mwanga, ataangalia mwaka, atapitisha kidole ukingoni. Noti ya zamani, yenye mhuri wa wino, iliyochanika hata ncha, au dola moja moja zilizochakaa, zitarudishwa, au zitapokewa kwa bei ya chini. Kadi ya benki ihesabu kama haipo. Huduma za fedha za simu zipo, kama m-Gurush, lakini mgeni wa wiki ya kwanza asizitegemee.

Gawa fedha zako. Weka kiasi kidogo cha paundi mfukoni, peke yake, ndicho utakachotoa ukilazimika njiani. Akiba ya dola ikae sehemu mbili tofauti za mwili au mzigo. Ukiombwa kitu kizuizini, salimia kwanza, toa nakala ya pasipoti, sema unakwenda kwa nani. Uliza kwa upole kama kuna risiti. Mara nyingi ukitulia na kukaa, na abiria wenzako wakikusemea, wanaachia. Wasipoachia, lipa kidogo uendelee. Inauma, na haikupaswa kuwa hivyo, lakini kamba ile si mahali pa kudai haki. Badilisha paundi kidogo kidogo, kiasi cha siku mbili tatu, kwa sababu thamani yake huporomoka ukiwa umeishika.

Picha ndiyo inayowaponza vijana wetu kuliko kitu kingine. Kwetu ukifika pahala unapiga, unaweka kwenye sitetasi, umemaliza. Juba, uwanja wa ndege, madaraja ya Nile, askari, majengo ya serikali, hata msafara wa gari la mkubwa, ukionekana umeinua simu unaweza kuwekwa ndani na simu ikapotea. Daraja jipya la Uhuru lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa 2022 ni zuri, na wengi hutamani picha yake. Iache. Kaburi la Garang, mahali uhuru ulipotangazwa, usiinue simu bila ruhusa ya walinzi. Vibali vya picha hutolewa na serikali, lakini hata ukiwa nacho muulize kwanza mtu aliye mbele yako. Hapa ukumbuke nilichosema mwanzo: kwa serikali iliyotoka msituni na ambayo vita bado viko mlangoni, daraja ni shabaha, na anayelipiga picha anaweza kuwa mpelelezi. Kwa sababu hiyo hiyo usivae nguo zenye mabaka ya kijeshi, na usichangie mjadala wa Kiir na Machar, wala usimuulize mtu kabila lake kama njia ya kuanzisha mazungumzo. Kwetu Muha na Mnyamwezi wanataniana kwa kabila wakicheka. Kule, Desemba 2013, swali hilo lilikuwa swali la kufa au kupona.

Ukishavuka hayo, watu wenyewe ni wakarimu kwelikweli, na Kiswahili chako kina kazi kubwa kuliko unavyodhani. Lugha rasmi ni Kiingereza, ya mitaani ni Kiarabu cha Juba, lakini maelfu waliolelewa ukimbizini Kakuma, Kenya, na katika kambi za Uganda walirudi na Kiswahili. Masoko ya Konyo Konyo na Custom yamejaa Waganda, Wakenya, Wahabeshi na Wasomali, na kitu hakikosi mtu wa kukitafsiri. Jifunze salamu: ukisema "salaam aleikum" na "ita kef?" mbele ya mama muuza chai umekwisha kupata benchi la kukaa na habari za mtaa mzima. Wazee husalimiwa kwa mkono, bila haraka, kama kwetu Uha. Na sisi wa mkoa huu, tulioishi na wakimbizi Kasulu na Kibondo miaka yote hii, tuna la kuongea na mtu aliyekua kambini bila kumhoji. Nunua laini ya simu kwa pasipoti yako siku ya kwanza, MTN au Zain. Umeme usiutegemee, kwa hiyo pawabenki ni lazima.

Afya. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano inaulizwa mpakani na uwanja wa ndege. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, na kadi ni ya maisha, kwa hiyo usiachie mpaka wiki ya safari, na usinunue kadi bila chanjo. Beba chandarua na dawa ya malaria uliyoandikiwa. Kukulia Kigoma au Tabora, mikoa yenye malaria nyingi, hakukukingi na malaria ya kule. Kunywa maji ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa, na uwe na pakiti za ORS: mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa Oktoba 2024 umesambaa sehemu kubwa ya nchi na kuua watu wengi. Hospitali zenye vifaa ni chache hata ndani ya Juba, kwa hiyo mgonjwa wa sukari, presha au pumu abebe dawa za safari nzima na ziada, pamoja na cheti cha daktari.

Ukirudi, paundi zilizobaki zimalizie Nimule, maana kuanzia Gulu hakuna anayezitaka. Na kwa miezi sita ijayo, ukipata homa isiyokoma, ukakonda, tumbo likajaa upande wa kushoto kwenye bandama, mwambie daktari wa hospitali ya Maweni, Kigoma, au Kitete, Tabora, kwamba ulikuwa Sudan Kusini, na umtajie kala-azar kwa jina. Huenezwa na usubi wa mchanga, hasa majimbo ya Jonglei na Upper Nile, na dalili zake huweza kuchelewa miezi. Kwetu ugonjwa huo ni nadra sana, kwa hiyo usipotaja safari utapimwa malaria na taifodi mara tatu huku kinachokuumiza hakijatafutwa, wakati dawa yake ipo na usipotibiwa unaua.